Tableti ya kwanza ya kuchorea kwa bajeti ndogo: ipi, na uangalie nini kabla ya kulipa

Swali: "Nachora kwa penseli tangu utotoni na sasa nataka kuhamia kwenye uchoraji wa kidijitali. Nina laptopu ya Windows ya inchi 15.6 yenye RAM ya GB 8, pamoja na simu ya Android. Hela ni ya kubana. Nimeona tatu: tableti ndogo isiyo na skrini yenye viwango 2048 vya mgandamizo, nyingine ya wastani isiyo na skrini yenye viwango 16384, na moja ya mtumba yenye skrini ya inchi 13, ambayo bei yake inazidi hizo mbili. Rafiki yangu anasema tableti isiyo na skrini ni kutupa hela. Nichukue ipi?"

Jibu: Chukua ile ya wastani isiyo na skrini, yaani unachorea juu yake huku picha ikitokea kwenye skrini ya laptopu. Lakini hiyo 16384 isiwe ndiyo iliyokushawishi. Ichukue kwa ajili ya ukubwa wa eneo lake la kuchorea, na kwa sharti kwamba kalamu yake haitumii betri, inatambua mlalo wa kalamu, na draiva yake (programu inayoiwezesha laptopu kuielewa tableti) inakubali toleo la Windows ulilo nalo. Kama tofauti ya bei itakuingiza kwenye deni, chukua ndogo bila wasiwasi. Ya skrini iache kwanza, na sababu zake nitazieleza.

Hizo namba za mgandamizo ndizo zinazowaponza wengi. Zinahesabu ni ngazi ngapi kalamu inaweza kutofautisha kati ya mguso mwepesi kabisa na kukandamiza kwa nguvu zote. Wauzaji wanazipenda kwa sababu kila mwaka zinaweza kupandishwa: 1024, 2048, 4096, 8192, 16384. Sasa piga hesabu. Tuseme unatumia brashi inayonenepa kutoka sufuri hadi pikseli 40 kadiri unavyokandamiza. Kwa ngazi 2048, kila ngazi inaongeza unene kwa pikseli 0.02. Hakuna jicho la kuiona tofauti hiyo. Upande wa kukolea kwa rangi ni hivyo hivyo, maana picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Kutoka 8192 kwenda 16384 unabadilisha maandishi ya kwenye boksi, basi.

Kinachohisiwa mkononi ni kitu ambacho aghalabu hakiandikwi popote: kalamu inaanza kutoa mstari kwa uzito gani. Kalamu nzuri huanza kwa gramu chache. Ukiiegemeza bila kuisukuma tayari inaacha alama hafifu. Kalamu mbovu hungoja uisukume, halafu mstari unachomoka ghafla ukiwa tayari mnene. Mtu wa penseli kama wewe ataumia sana hapo, kwa kuwa kivuli chako chote kinajengwa na ile mikwaruzo myepesi ya mwanzo. Ukipata nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa, usiandike jina lako kama wanavyofanya wengi. Chora mstari mrefu taratibu, uanze kwa mguso wa unyoya, ukolee katikati, kisha uufifishe tena mpaka uishe. Ncha zote mbili za mstari zikimalizika kama unywele, kalamu hiyo ni ya kazi. Zikikatika butu, draiva inaweza kupunguza tatizo lakini haitaliondoa.

Namba nyingine ya kupitia haraka ni idadi ya mistari kwa inchi, yaani tableti inapima mahali kalamu ilipo kwa undani gani: 2540 au 5080. Ya 2540 ni sawa na mistari 100 kwa milimita. Tableti ndogo ya upana wa milimita 152 ikiunganishwa na skrini ya pikseli 1920, kila milimita inabeba pikseli zipatazo 12.6. Yaani kila pikseli tayari ina karibu nukta 8 za kipimo. Inatosha.

Twende kwenye ukubwa, maana hapa ndipo hela yako inapofanya kazi kweli. Skrini ya inchi 15.6 ina upana wa karibu milimita 345. Ukiwa na tableti ndogo kama One by Wacom ndogo, ambayo eneo lake ni milimita 152 kwa 95, kila sentimita moja ya mkono inakuwa sentimita 2.3 kwenye skrini. Mtetemo wako nao unakuzwa kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa na eneo la milimita 254 kwa 159, kama la Huion H610 Pro V2 au XP-Pen Deco 01 V2, ukuzaji unashuka hadi 1.4 hivi. Mstari uleule, mkono uleule, lakini unatoka umetulia zaidi. Siku ukinunua skrini ya inchi 24, yenye upana wa milimita 531 hivi, ile ndogo itafika mara 3.5, na hapo utaanza kuikasirikia. Binafsi naona ukivuka mara 2.5, kazi ya kiganja inakuwa nzito kuliko faida yake.

Kubwa nayo ina gharama zake. Tableti yenye eneo la milimita 254 ina upana wa nje wa karibu sentimita 35, upana uleule wa laptopu yako. Ni lazima ikae mbele ya laptopu, kati yako na kibodi, si pembeni. Pima meza kwa rula kabla ya kununua. Ikiwa unachorea mapajani au kwenye kimeza cha kukunja, ndogo itakufaa zaidi, hata kama mwenye duka atakwambia vingine.

Kabla sijasahau: angalia eneo la kuchorea, usiangalie ukubwa wa tableti nzima. Zipo zenye fremu pana na vitufe vingi ambazo kwa mbali zinaonekana kubwa, kumbe eneo linalofanya kazi ni la kadi ya posta. Kipimo kipo kwenye maelezo ya mtengenezaji, kwa milimita au inchi.

Kalamu sasa. Nyingi za siku hizi hazina betri: tableti inatoa mawimbi ya sumaku-umeme, koili iliyomo ndani ya kalamu inayapokea na kuyarudisha, na kwa kurudi huko tableti inajua kalamu ilipo na imekandamizwa kiasi gani. Kalamu ya namna hii ni nyepesi na haizimiki katikati ya kazi. Za kuchaji huwa nene kidogo, na baada ya miaka kadhaa betri yake ya ndani inachoka. Hapo unabaki na tableti nzima isiyo na kalamu. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida kalamu ya kampuni moja haifanyi kazi kwenye tableti ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja matoleo mengi hayapatani. Kwa hiyo uliza kwanza kama kalamu ya akiba ya toleo hilo inauzwa peke yake, na kwa bei gani.

Kuhusu mlalo: hii ndiyo inayoiwezesha programu kujua kwamba umeilaza kalamu, ili brashi ya penseli ipanuke kama unavyotia kivuli kwa ubavu wa risasi. Tableti nyingi za bei ya chini kabisa hazina uwezo huo. One by Wacom, kwa mfano, haina. Anayechora katuni za mistari hatauona upungufu. Wewe utauona wiki ya kwanza.

Sasa rafiki yako na skrini. Ana hoja nusu. Kuchora huku ukitazama mahali pengine ni jambo geni, na siku tatu za mwanzo utajiona kama unachora kwa mkono usio wako. Lakini watu wengi hulizoea ndani ya wiki moja au mbili za mazoezi ya kila siku, na wapo wataalamu wanaofanya hivyo maisha yao yote kwa hiari, kwa kuwa shingo inabaki wima na mkono hauzibi picha. Tableti yenye skrini, kwa upande wake, inakuja na madai yake. Inahitaji njia ya picha: HDMI, au USB-C inayobeba video. Si kila tundu la USB-C kwenye laptopu linabeba video. Mengi ni ya data na chaji tu, na kwa kuyatazama huwezi kuyatofautisha. Inahitaji umeme pia, kwa kawaida kupitia plagi ya pili ya USB, aghalabu nyekundu, na tundu la laptopu likiwa dhaifu skrini inawaka na kuzima. Kisha kuna kioo: kwenye zile za zamani kuna nafasi kati ya kioo na picha, kwa hiyo ncha ya kalamu na kishale haviko mahali pamoja, hasa pembezoni. Na ya mtumba ina kebo maalumu ambayo ikikatika huenda usipate nyingine.

Ukiona bado moyo unakuvuta kwenye hiyo ya mtumba, usiilipie mpaka imeunganishwa na laptopu yako mwenyewe. Jaza skrini nzima rangi nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyekundu, ukitafuta pikseli zilizokufa na madoa. Weka kalamu kwenye pembe zote nne uone kishale kinavyojitenga na ncha. Chora mistari ya mshazari polepole kwa rula. Ikitoka imejikunja kama mawimbi madogo, ama kalamu ama koili za ndani ya tableti zina walakini. Tikisa kebo kwa upole pale inapoingia. Halafu nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji ukaangalie kama draiva ya toleo hilo bado inatolewa kwa Windows yako. Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, umeshapata jibu.

Umeitaja simu. Tableti nyingi za Huion na XP-Pen zinakubali Android kupitia kiunganishi cha OTG (kile kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB), na kwa michoro ya haraka si haba. Ila simu ikiwa wima, kwa kawaida eneo la kuchorea husinyaa hadi mstatili mdogo, na ule upana uliolipia unalala bure. Soma maelezo ya toleo lenyewe. Usichukulie kwamba kila tableti inakubali kila simu.

Huenda pia utashauriwa ununue tableti inayojitegemea, ya kuchorea popote. Hizo ni nzuri, lakini zina mitego miwili ambayo watu huingia mkenge kila siku. Kwanza, kalamu yoyote inayofanya kazi kwenye kila skrini ya mguso, ile yenye mpira au kisahani mbele, haina mgandamizo. Kwa skrini hiyo ni kidole tu. Pili, jina kubwa halihakikishi kitu. Apple Pencil ya USB-C, iliyotoka 2023, haina mgandamizo kabisa, ilhali Apple Pencil ya kizazi cha kwanza na cha pili zinao. Kwa Samsung, Galaxy Tab S6 Lite huja na S Pen, kalamu yao yenye mgandamizo, ndani ya boksi, lakini tableti nyingi za mfululizo wa Tab A haziitambui S Pen. Kwa kuwa laptopu unayo tayari, sioni sababu ya kununua kompyuta ya pili.

Laptopu yako inatosha? Inatosha, ukijua mipaka yake. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya kidijitali hujengwa kwa matabaka yanayolaliana kama karatasi angavu, na kila tabaka lililojaa rangi linakula takribani MB 35 za RAM, kwa hiyo matabaka 20 yanafika MB 700 kabla programu yenyewe na kivinjari chako havijahesabiwa. Kwa GB 8 utafanya kazi vizuri. Mstari ukianza kuchelewa nyuma ya kalamu, usiilaumu tableti: punguza ukubwa wa brashi, punguza kulainisha mstari, funga kivinjari, unganisha matabaka usiyoyahitaji. Programu ya kuanzia iwe Krita. Ni ya bure, ina brashi nyingi zinazotambua mlalo, na haitakuomba malipo ya kila mwezi.

Ikifika, fuata utaratibu huu, maana malalamiko mengi ya "tableti mbovu" ni ya draiva.

Ondoa kwanza draiva ya tableti nyingine yoyote iliyowahi kukaa kwenye laptopu hiyo, kisha uiwashe upya. Draiva mbili za kampuni tofauti hugombea faili lilelile la mfumo, na dalili yake ni kwamba kishale kinatembea lakini mgandamizo haupo. Pakua draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, isakinishe, washa upya, ndipo uchomeke tableti. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye kigawanya USB.

Kisha sawazisha uwiano, hatua ambayo karibu kila anayeanza huiruka. Tuseme tableti yako ina eneo la milimita 160 kwa 100 na skrini ni pikseli 1920 kwa 1080. Kwa upana kila milimita inakuwa pikseli 12, kwa urefu inakuwa 10.8. Ukichora duara la milimita 50, kwenye skrini litatoka na upana wa pikseli 600 na kimo cha 540: yai. Utalaumu mkono wako bure. Ingia kwenye mipangilio ya draiva, punguza kimo cha eneo kutoka 100 hadi 90, na duara litakuwa duara. Draiva nyingi zina kitufe cha kulazimisha uwiano ambacho hufanya hesabu hiyo chenyewe. Kwa eneo la 254 kwa 159, kimo kinashuka hadi 143 hivi. Ukiwa na skrini mbili, elekeza tableti kwenye moja tu, la sivyo eneo lako litagawanywa kati yao.

Windows ina tabia moja ya kuudhi: ukishikilia kalamu mahali pamoja, kijiduara kinatokea na mstari unachelewa kuanza. Hiyo ni ile kanuni ya kubonyeza na kushikilia ili kupata kitufe cha kulia cha kipanya. Izime katika mipangilio ya kalamu na mguso. Mgandamizo ukikosekana ndani ya Krita peke yake, fungua mipangilio yake ya tableti. Kuna njia mbili za kupokea taarifa za kalamu, WinTab na ile ya Windows Ink. Badilisha uliyo nayo, funga programu, ifungue tena. Chaguo la Krita sharti lilingane na la draiva: Windows Ink ikiwa imewashwa huku, iwashwe na kule.

Kishale kikitetemeka wakati mkono umetulia, ondoa kwanza chaja na simu zilizo karibu na tableti, halafu ijaribu mbali na meza ya chuma. Hayo mawili huvuruga yale mawimbi ya kalamu.

Malizia na mkunjo wa mgandamizo, ule mpangilio wa draiva unaoamua mstari ukolee kiasi gani kwa kila nguvu ya mkono. Ukijikuta unachoka vidole, ulegeze ili kalamu ikolee mapema. Ukiona kila mstari unatoka mnene, ukaze. Badilisha kidogo, chora dakika kumi, ndipo ubadilishe tena.

Mazoezi ya siku za kwanza yasiwe picha. Weka tableti katikati ya mwili wako, kingo zake zikiwa sambamba na za skrini. Ikipinda hata kidogo, mistari yako yote ya mlalo itapanda au kushuka, na utashangaa kwa nini. Weka nukta mbili mbali mbali kwenye skrini, tazama nukta ya mwisho na si kishale, vuta mstari mmoja bila kusita. Mara hamsini. Kisha maduara yanayogusana, kisha mistari sambamba ya kutia kivuli. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Kiimarisha mstari cha Krita, kinacholainisha mtetemo wa mkono, kitumie kidogo tu wakati huu, kwa sababu kikiwa juu kinaficha kosa la bega na huwezi kulirekebisha.

Utaukosa ule mkwaruzo wa karatasi, maana plastiki inateleza. Dawa ni rahisi: bandika karatasi ya kawaida ya kuchapia juu ya tableti kwa gundi ya utepe pembeni. Kalamu inasomwa hata ikiwa juu ya uso kwa milimita kadhaa, kwa hiyo karatasi haiizuii. Itakachofanya ni kula ncha haraka zaidi. Ncha ikishapata upande bapa wenye makali unaousikia kwa kidole, ibadilishe mara moja, kwani makali hayo ndiyo yanayochora mifereji kwenye uso wa tableti. Boksi nyingi huja na ncha za akiba kadhaa na pete ndogo ya kung'olea. Pete hiyo ifungie mahali unapoikumbuka, kwa sababu bila hiyo utajikuta unaivuta ncha kwa meno.